Filamu ya Kilo Tatu na Robo

Jana mchana, kati ya saa nane na saa tisa na nusu, Mkawasi Mwadime aliota barua inakohoa.

Hakuwa mtu wa kulala mchana. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mwongozaji wa filamu kwa miaka kumi na minne, na usingizi aliopata katika miaka hiyo yote ukikusanywa usingejaza kikapu. Lakini ilikuwa Jumatano, filamu yake ya nne ilitakiwa kufika kwenye tamasha Ijumaa, na macho yake yalikuwa yameanza kuona kila kitu mara mbili.

"Lala kidogo," Kemunto alimwambia. "Nikifika dakika ya themanini nitakuamsha."

Kemunto ndiye aliyehariri filamu zote za Mkawasi, na ndiye aliyeishi naye miaka kumi na mmoja katika vyumba viwili vya Ngara, juu ya duka la vitambaa. Mkawasi akajilaza kwenye godoro chini ya meza ya kuhariria, kichwa karibu na miguu ya mwenzake, simu imezimika kwa kukosa chaji. Dakika haikupita, akakoroma.

Filamu za Mkawasi zilihusu wanawake wanaopendana na wanaume wanaopendana, watu ambao magazeti yana majina kumi ya kuwaita na wao wenyewe hujiita kuchu. Ya kwanza ilikuwa ya dakika tisa. Aliirekodi katika saluni siku za Jumatatu, wenye saluni wakiwa mapumzikoni, akaionyesha kwenye shuka jeupe mbele ya watu ishirini na watatu, kumi na saba kati yao wakiwa ndio waigizaji. Ya pili ilionyeshwa gereji. Ya tatu, *Kesho Tutafua*, ilikuwa ndefu na nzuri, na ikafungiwa na Bodi ya filamu kabla haijaonyeshwa popote. Wiki ile watu ambao hawakuiona waliisimulia redioni vizuri kuliko yeye mwenyewe angeweza.

Redio hiyo ilisikika hadi Wundanyi, anakoishi mama yake, Mama Mghoi. Mama hakugomba. Afadhali angegomba. Alipiga simu Jumapili kama kawaida, akauliza kama Nairobi kumenyesha, akaeleza habari za ng'ombe, na filamu hakuitaja, si Jumapili hiyo wala zile mia tatu zilizofuata. Majirani waliambiwa kwamba Mkawasi hupiga picha za harusi, na siku za Jumamosi hilo lilikuwa kweli kabisa. Kuhusu Kemunto, Mama Mghoi aliamua tangu mwanzo kwamba huyo ni mwenye nyumba. "Msalimie mwenye nyumba," alisema kila alipokata simu.

Filamu ya nne ilikuwa na kila kitu isipokuwa jina. Taabu ilikuwa mwisho wake: wanawake wawili, Nduku na Zena, wako jikoni asubuhi, wanacheka. Dakika moja na nusu wanacheka tu. Hakuna anayekufa, hakuna anayeokoka, hakuna anayepanda ndege. Watu watatu wenye busara walikuwa wamesimuliwa mwisho huo, na wote watatu wakamshauri Mkawasi aukate. Yeye mwenyewe alikuwa hajaamua. Alilala akiwa hajaamua.

Basi barua iliingia chini ya mlango, ikasimama wima, ikakohoa.

"Wewe ndiye Mkawasi Mwadime?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ni barua ya siri, kwa hiyo huruhusiwi kunisoma. Nitajisoma mwenyewe." Ikapinda shingo ili iyaone maandishi yake. "Unatakiwa kufika mbele ya Bodi sasa hivi, ukiwa na filamu yako, ili ipimwe. Uje na picha mbili za pasipoti na moyo mkunjufu."

Ilipomaliza ilijikunja mara tatu, ikajila.

"Ndivyo siri inavyotunzwa," ilisema, mdomo umejaa.

Mkawasi akaanza kuitafuta filamu. Akiwa macho alijua iko kwenye diski ndogo kama kipande cha sabuni, lakini ndotoni aliikuta imelala ndani ya beseni la nguo, imeviringishwa leso, ina joto, inapumua. Hakushangaa. Aliifunga mgongoni, akafungua mlango, akashuka ngazi.

Ngazi za nyumba hiyo huishia kwenye duka la vitambaa. Jana ziliishia kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya gereji, na katikati ya uwanja ilikuwepo Bodi.

Bodi ilikuwa bodi ya lori. Haikuwa na injini wala magurudumu. Ilikaa juu ya mawe manne, mbao zake zimepakwa rangi ya kijani, na ubavuni iliandikwa kwa herufi za manjano: USINIONE HIVI.

"Nilidhani Bodi ni watu," Mkawasi alisema.

"Watu walistaafu," Bodi ilijibu, mbao zikilia. "Nikabaki mimi."

Pembeni, juu ya stuli, alikaa mkasi mkubwa wa fundi cherehani. Alikuwa karani. Miwani yake ilikaa vizuri sana kwa sababu mpini wake ulikuwa na matundu mawili tayari. Alifungua faili, akasoma jina polepole kama anayeonja mchuzi.

"Mkawasi. Kumbe tu ndugu! Ukitolewa 'wa' hapo katikati, wewe ni mimi."

"Sijawahi kulifikiria hilo."

"Mimi hulifikiria kila siku. Keti."

Kiti hakikuwepo. Mkawasi aliketi.

"Mtundikeni," Bodi iliamuru.

Mizani ilikuwa ya kuning'inia, ile ya buchani, na ndoana yake ilikuwa safi. Filamu ilitundikwa kwa fundo la leso. Ilizunguka mara moja, ikapiga chafya.

"Kilo tatu na robo," mizani ilisema, halafu ikaongeza bila kuulizwa, "na ana afya nzuri."

"Kiwango ni kilo tatu kamili," Bodi ilisema. "Hiyo robo ni ya nini?"

Mkasi anashuka kwenye stuli. Anafunua leso kwa ncha, anainama, ananusa.

"Robo ni kicheko, Mheshimiwa. Wanawake wawili, jikoni, asubuhi. Bila sababu."

"Bila sababu?"

"Nimetafuta sababu. Haipo."

Msumari mmoja wa Bodi ulichomoka, ukaanguka vumbini.

"Isitoshe," mkasi aliendelea, "filamu hii iko kinyume na Maadili."

Hapo ndipo Mkawasi alipomwona Maadili. Alikuwa mzee mnene katika kiti cha ofisi cha kuzunguka, amekaa pale pale uwanjani, mgongo kwao, uso ukutani, mikono magotini. Filamu ilining'inia ikitazama huku. Maadili alitazama kule. Walikuwa kinyume kabisa, hata mtoto mdogo angekubali.

"Amekaa hivyo tangu lini?" Mkawasi aliuliza.

"Tangu aletwe."

Mkawasi aliinuka, akashika kiti, akakizungusha. Kiti kililia kidogo, kikageuka. Maadili akapepesa macho kwenye mwanga. Akamtazama Mkawasi, akaitazama filamu, akautazama uwanja.

"Alaa!" alisema. "Kumbe huku kuna watu. Shikamooni."

"Marahaba," Mkawasi alisema kwa kubabaika, ingawa mzee alimzidi miaka mingi.

"Kuna chai?"

Mkasi aliandika kwenye faili kwamba shitaka la kwanza limegeuka. Bodi haikufurahi. Ilisema kosa la pili haligeuziki, kwa kuwa sheria inasema wazi: mwisho wa kila filamu ni lazima uwe na Funzo.

"Mleteni," ilisema.

Bwana Funzo akatokea nyuma ya gereji akitembea upesi, mtu mrefu katika suti ya rangi ya udongo, mkoba mkononi. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza kando ya kaburi.

"Poleni sana. Nani amekufa?"

"Hakuna," Mkawasi alisema.

"Mgonjwa?"

"Hakuna."

"Basi mimi niingilie wapi?"

"Jikoni," Bodi ilisema, na wote wakawa jikoni.

Lilikuwa jiko la shangazi yake Kemunto huko Keroka, lile lile walimorekodia. Nduku na Zena walikuwa wanacheka na hawakuacha kwa ajili ya wageni. Bodi iliingiza ubavu mmoja dirishani, ikakwama hapo. Bwana Funzo alijipanga katikati ya wanawake wale wawili, akasafisha koo.

"Wapendwa watazamaji, tumeona ya kwamba..." Akasita. Akamgeukia Mkawasi. "Tumeona nini?"

"Tumeona wanacheka."

"Hakuna aliyejuta?"

"Mimi nimejuta," Nduku alisema. "Nimejuta kununua vitunguu hivi. Vimeoza ndani."

Bwana Funzo akatoa daftari, akaandika: *Majuto, vitunguu.* Akaanza upya. "Wapendwa watazamaji..."

"Shemeji," Zena alisema, "umesimama kwenye ungo."

Alisogea. Akakanyaga paka. Akasogea tena, na popote aliposimama palikuwa na kitu chenye kazi: kisu, kikombe, kuku wa shangazi. Mwishowe Nduku alimpa kisu na kile kitunguu kimoja kilichopona, akamwonyesha pa kukatia. Bwana Funzo akakata. Machozi yakaanza kumtoka.

"Ni kitunguu," Zena alimwambia.

"Si kitunguu tu, dada. Miaka thelathini nakaa mwishoni mwa filamu. Kila nikifika, maiti imeshapoa. Natoa maneno yangu, taa zinawashwa, watu wanaondoka wakitafuta funguo. Hakuna hata siku moja mtu amenipa kiti."

"Kaa basi."

Alikaa. Zena alimnong'oneza kilichokuwa kinawachekesha. Mkawasi alijitahidi kusikia, maana hakuwahi kujua, waigizaji walikataa kumwambia. Hakusikia. Alimwona tu Bwana Funzo akitikisika mabega, halafu akicheka kwa sauti nyembamba ya mtu asiye na mazoezi. Alipomaliza hakufanana tena na Funzo. Alifanana na mtu wa kawaida, labda fundi wa saa. Aliukabidhi mkoba wake kwa Bodi kupitia dirishani. Ndani mlikuwa na kitana na ratiba arobaini za mazishi.

"Naacha kazi," alisema, na akaomba kitunguu kingine.

Mkawasi anapepesa jicho. Wako tena uwanjani. Vumbi, mawe manne, mizani. Maadili amepata chai, anapuliza.

"Tumepoteza Funzo mwenye uzoefu," Bodi ilisema kwa sauti nzito. "Sasa imetosha. Karani, kata hiyo robo."

Mkasi akasimama. Hakuwa na ubaya usoni. Alimsogelea Mkawasi, akamwambia kwa upole, ndugu kwa ndugu, "Sikiliza. Ikibaki kilo tatu kamili, haitafungiwa. Itaonyeshwa kila mahali. Kumbi zote, shule zote, hata kwenye ndege, watu wakiwa hawana pa kukimbilia. Itafika hadi Wundanyi. Mama yako ataitazama mbele ya majirani, na hatainamisha kichwa. Hutaki hilo?"

Alilitaka. Baadaye, alipokuwa ananisimulia, Mkawasi hakuficha: alilitaka hilo kuliko tuzo zote anazozijua. Kilo tatu ni filamu bado. Ina mwanzo, ina katikati, watu wanapenda na kuteseka kama kawaida, na mwishowe wanatawanyika kwa adabu. Mama angevaa viatu vya kanisani. Mama angesema, "Ni mwanangu aliyeitengeneza."

Alichukua kalamu asaini kwenye faili kwamba amekubali.

"Samahani, dada," kalamu ilisema. "Mimi nimeajiriwa tu."

Aliandika herufi ya kwanza ya jina lake. Juu kwenye ndoana, filamu iliyokuwa ikipiga chafya muda wote ilinyamaza. Ilinyamaza kama watoto wanavyonyamaza wakishaelewa kwamba wanazungumziwa wao. Mkawasi akaweka kalamu chini.

"Kata kitu kingine," alisema.

"Kipi?"

"Kata 'wa'."

Miwani ya mkasi iliteleza. "Ya jina lako?"

"Si ulisema unaifikiria kila siku? Ichukue. Filamu iache."

Haikuuma. Ilitoa sauti ndogo kama uzi unapokatwa kwa meno. 'Wa' ilianguka vumbini, ikabiringika, ikaingia chini ya Bodi. Na pale alipokuwa amesimama Mkawasi, sasa alisimama Mkasi, baridi miguuni, magoti hayakunjiki, miguu yake mirefu ya chuma inakutana juu kwenye skrubu moja.

"Ajabu," Bodi ilisema. "Sasa nina mikasi miwili. Mkasi wa kwanza, unasema nini?"

"Kata."

"Mkasi wa pili?"

"Usikate."

Bodi ilikuna ubao wake. Ikasema kwamba mikasi ikitofautiana, sheria inataka aitwe mtazamaji mmoja mwenye akili timamu, ambaye hajawahi kutazama filamu yoyote ya mwongozaji huyo, na ambaye ndiye aliyemzaa.

"Sheria hiyo imeandikwa?" Mkasi wa pili aliuliza.

"Inaandikwa sasa hivi," Bodi ilijibu, na kweli chaki ilisikika ikikwaruza mahali fulani.

Wakawa ndani ya ukumbi wa ushirika wa wakulima wa mboga, Wundanyi. Ukumbi ulinuka kabichi. Kulikuwa na viti mia mbili, na viti mia moja tisini na tisa vilikuwa vinanong'onezana. Kile kimoja kilinyamaza kwa heshima, kwa kuwa kilikuwa kimekaliwa na Mama Mghoi, katika sweta lake la kijani na viatu vya kanisani, kikapu magotini. Mbele yake lilitundikwa shuka jeupe.

Mkasi wa pili alitaka kukimbia. Lakini miguu ya mkasi haiendi hivi hivi, kila hatua hukata kitu. Alipiga hatua moja akakata zulia, ya pili akakata waya wa spika, ya tatu akaamua kujificha nyuma ya shuka. Alisimama huko bila kupumua. Filamu ilianza, na yeye akaitazama kwa nyuma, maandishi yote yamepinduka. Katikati ya nyuso za waigizaji, kupitia kitambaa, aliuona uso wa mama yake.

Mama Mghoi alitazama filamu jinsi anavyosikiliza matangazo ya vifo redioni, asipitwe na jina hata moja. Dakika ya ishirini alifungua kikapu, akatoa ndizi, akaila. Dakika ya hamsini alisema kwa sauti, bila kumwambia yeyote, "Huyo mwanamume ni mwongo." Viti mia moja tisini na tisa vikaitikia, "Eee." Mwanamume huyo alikuwa mwongo kweli, ilidhihirika dakika kumi baadaye, na Mama Mghoi akatikisa kichwa kama mtu anayechoshwa na kuwa sahihi.

Kisha likaja jiko. Nduku na Zena wakaanza kucheka.

Mama alifunga kikapu. Nusu dakika ikapita. Viti vyenyewe viliacha kunong'ona. Nyuma ya shuka, Mkasi wa pili alihisi kutu inaanza machoni, maana mikasi hailii, hushika kutu tu. Alijiambia kwamba angesaini. Alijiambia kwamba robo kilo si kitu, watu hupoteza zaidi ya hapo kwa homa.

"Wewe uliye nyuma ya shuka," Mama Mghoi alisema. "Naona miguu yako. Mkawasi, toka huko."

Alilitaja jina zima. Hakuitafuta ile 'wa' ilikoangukia, wala hakujua kwamba ilianguka. Alilitamka tu kama mtu anayemwita mtoto aje ale. Na Mkawasi akasikia magoti yake yakirudi, moja baada ya jingine, na damu ikipanda miguuni.

Alitoka. Akasimama mbele ya mama yake, kamasi zinamtoka, mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja.

Bodi ilichungulia mlangoni. "Mtazamaji, uamuzi wako ni upi?"

"Ngoja, wewe gari," Mama Mghoi alisema bila kugeuka. "Nazungumza na mwanangu."

Bodi ikangoja.

"Yote hii umeitengeneza wewe?"

"Mimi na Kemunto, mama."

"Huyo ndiye anayekata?"

"Ndiye anayeunganisha."

"Mm." Mama aliangalia tena shuka. Nduku na Zena walikuwa bado wanacheka, kwa kuwa hakuna aliyewaambia waache. Aliwaangalia kwa makini, kichwa ameinamisha upande, kama anapochagua mbegu za maharagwe. "Mimi nimeona watu wakicheka kwa ubaya maishani mwangu. Hawa si hao. Hawa wasichana wako wanacheka na mimi sina neno. Lakini, mwanangu, mtu mzima, nyumbani kwake, anawezaje kucheka hivyo na huku nyuma yake—"

"Kata!" alisema yule mkasi wa kwanza kutoka mlangoni, kwa sababu hakuwa na neno lingine.

Mkawasi akafumbua macho.

Dari, nyaya, sehemu ya chini ya meza. Chini kule mtaani mtu anabishana kuhusu mita mbili za satini. Miguu ya Kemunto ilikuwa inatikisika, jambo ambalo huwa halitokei.

"Mbona hukuniamsha?"

"Nilikuwa kwenye simu."

"Na nani?"

Kemunto alivua hedifoni, akaziweka mezani taratibu kama mayai. "Na mama yako."

Mkawasi akainuka, akagonga kichwa kwenye meza, akarudi chini. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nami nilimuuliza hivyo hivyo."

"Namba yako aliipata wapi?"

"Nilimwachia mwaka ule ulipolazwa. Miaka yote sikujua kama aliiandika popote." Kemunto alikuwa anazungumza polepole, kama anayesoma maandishi madogo. "Anasema alipitiwa na usingizi baada ya kula. Alipoamka akakupigia, ukawa hupatikani. Ndipo akanipigia mimi. Akauliza, 'Wewe ndiye unayeunganisha?' Sikujua naunganisha nini. Nikasema ndiyo, mama."

Mkawasi akajiinua kwa kiwiko, polepole safari hii.

"Halafu akasema, 'Basi mwambie sikumaliza. Mwambie uji unafurika.' Nikamuuliza, uji gani, mama? Akasema, 'Huko nyuma yao. Angalieni wenyewe.' Akakata. Mkawasi, mama yako yuko salama?"

Mkawasi alitoka chini ya meza kwa magoti. Diski ilikuwa pale pale, imechomekwa kwenye kompyuta, na haikuwahi kutoka chumbani humo. "Weka kipande cha mwisho," alisema.

Kemunto aliweka. Nduku na Zena wakacheka. Walikuwa wamekitazama kipande hicho labda mara mia mbili, wakibishana kuhusu midomo ya waigizaji, macho, mwanga wa dirishani. Safari hii hawakuangalia nyuso. Waliangalia nyuma.

Upande wa kushoto, juu ya bega la Zena, nusu imefichwa na mlango, kuna sufuria kwenye jiko la gesi. Kifuniko kinainuka upande mmoja, kinatulia. Kinainuka tena. Kisha uji wa wimbi unajitokeza, unasita ukingoni kama mtu anayebisha hodi, unateremka ubavuni mwa sufuria hadi kwenye moto. Sekunde nne. Halafu filamu inakwisha.

"Jamani," Kemunto alisema.

Alirudisha nyuma. Wakatazama tena. Alirudisha tena. Mpiga picha alikuwepo siku hiyo, fundi wa sauti alikuwepo, shangazi alikuwa mlangoni, na hakuna aliyeuona. Kemunto aliweka kidole kwenye kitufe.

"Nikate?"

"Usiguse," Mkawasi alisema. "Hata sekunde moja usiguse."

Alichomeka simu kwenye chaji, akasubiri iwake, akapiga Wundanyi. Simu haikumaliza kuita mara ya kwanza.

"Mmeuona?" Mama Mghoi aliuliza.

"Tumeuona, mama."

"Na jiko la watu aliliosha nani?"

Mkawasi akamtazama Kemunto. Kemunto alifikiri, akakunja uso, halafu akainua mkono taratibu kama mwanafunzi.

"Ni mimi," alisema. "Jioni ile nililisugua saa nzima. Nilidhani ni uchafu wa shangazi."

Simu ilikuwa haijawekwa kwenye spika, lakini Mama Mghoi ana masikio mazuri. Ng'ombe alisikika akilia kwa mbali.

"Mpe simu," mama alisema.